Shahada Yenye Saini ya Nani?

Katika miaka ya 1980, kijana wa Kenya aliyehitimu Daystar, Nairobi, alivaa joho, akaitwa kwa jina, akakabidhiwa shahada ya kwanza iliyotolewa na Messiah College, chuo cha Kikristo kilichoko Pennsylvania, Marekani. Wengi wa wahitimu hao hawakuwahi kukanyaga Pennsylvania. Walisomea Nairobi na mitihani yao waliifanyia Nairobi, lakini idhini ya karatasi waliyoitolea jasho ilitoka ng'ambo. Shahada za uzamili nazo zilitolewa kwa jina la Wheaton College, Illinois. Daystar yenyewe ilikuwa imezaliwa Bulawayo mwaka 1964 kama kazi ya uchapishaji na mawasiliano ya Kikristo, ikahamia Nairobi katika miaka ya 1970. Mamlaka ya kutoa shahada kwa jina lake iliyapata Septemba 1994, serikali ya Kenya ilipoipa hati idhini.

Historia ya vyuo vikuu vya Kikristo katika ukanda wetu huandikwa kwa majina ya wamisionari na maaskofu, na kwa tarehe za kuweka mawe ya msingi. Kinachosahaulika ni kitabu cha kanuni za masomo, kile kinachoeleza nani anapokelewa, masomo gani ni ya lazima kwa kila mwanachuo, mtihani unafanyika siku gani, anayeshindwa anatendewaje, na mwisho wa yote nani anatia saini. Nimesoma historia hizi kwa miaka mingi, na nimeshawishika kwamba imani ya chuo huonekana wazi zaidi katika kitabu hicho kuliko katika kuta za kanisa lake. Jengo la ibada hujengwa mara moja. Kanuni huandikwa, hubishaniwa na kurekebishwa kila kizazi, na kila rekebisho linaonyesha nani alikuwa na nguvu wakati huo: kanisa, dola, mfadhili au mzazi anayelipa ada.

Mizizi ya vyuo hivi ni vyuo vya uchungaji. Pwani ya Kenya, shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, lilianzisha Freretown mwaka 1875 kuwa makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na mafunzo ya watumishi wa kanisa yaliyoanzia huko ndiyo yaliyohamishiwa Limuru mwaka 1930. Mwaka 1955 chuo hicho kikawa St Paul's United Theological College, mali ya pamoja ya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Mukono, Uganda, chuo kilichopewa jina la Askofu Alfred Tucker kilifunguliwa mwaka 1913. Tanganyika, Walutheri walianzia Lwandai, katika milima ya Usambara, mwaka 1947, wakahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954.

Kanuni ya kujiunga na vyuo hivyo ilikuwa fupi: mtu alitumwa. Dayosisi au sinodi ilimpendekeza, ikamsomesha, na alipomaliza ikampangia usharika au mtaa wa kuhudumu. Alama za darasani zilihesabiwa, lakini neno la wazee wa kanisa lilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake, maana mwanafunzi hakubeba peke yake mzigo wa ada wala wasiwasi wa kazi. Ulikuwa pia na ufinyu wake. Muumini aliyetaka kuwa mhasibu, mwanasheria au mwandishi wa habari hakuwa na mlango humo, na wanawake waliingia kwa shida kwa sababu makanisa yenyewe yalichelewa kuwabariki kuwa makasisi na wachungaji.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini makanisa, yaliyokuwa na shule na hospitali kila kona, yalikaa muda mrefu bila chuo kikuu. Sehemu kubwa ya jibu iko serikalini. Kabla ya uhuru Makerere ilifundisha kwa kuandaa watahiniwa wa shahada za Chuo Kikuu cha London, kwa hiyo Daystar haikuwa ya kwanza kuazima saini ya ng'ambo. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na kilipovunjika mwaka 1970 kila nchi ilibaki na chuo kikuu kimoja cha taifa. Shahada ilionekana kuwa kama sarafu: inatolewa na dola, basi. Tanzania ilikwenda mbali zaidi kwa kuzichukua shule za makanisa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Katika hali hiyo, askofu aliyetamani chuo kikuu angeonekana anataka kujenga dola ndani ya dola.

Aliyetazama upande wa Congo alipata sababu ya kuogopa zaidi. Huko kanisa lilitangulia. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 nje kidogo ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, na kiongozi wake kwa miaka mingi alikuwa padri Luc Gillon, mwanasayansi ambaye chini yake chuo kilipata mwaka 1959 kinu cha kwanza cha utafiti wa nyuklia katika bara la Afrika. Mitaala na viwango vilifuata Louvain karibu hatua kwa hatua, kwa hoja kwamba shahada ya Mkongo isije ikadharauliwa. Hoja hiyo ilikuwa na haki yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima Wakongo elimu ya juu hata nchi ikafikia uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wachache mno, na chuo chenye viwango vya kulegalega kingekuwa tusi la pili. Lakini bei ya uamuzi huo ilikuwa kwamba wanachuo walijikuta wanasoma historia na sheria za watu wengine, chini ya walimu ambao wengi wao walikuwa Wabelgiji, katika nchi iliyokwisha kujitawala. Katika miaka ya 1960 wakaanza kudai sauti katika uendeshaji wa chuo na Uafrika katika masomo. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa na askari wakawafyatulia risasi, wakaua wengi. Wenzao walipoikumbuka siku hiyo miaka miwili baadaye, Rais Mobutu aliwaingiza wanachuo wa Lovanium jeshini kwa nguvu.

Kisha akavimeza vyuo vyenyewe. Mwaka 1971 Lovanium ya Wakatoliki, Chuo Kikuu Huria cha Congo ambacho Waprotestanti walikuwa wamekianzisha Kisangani mwaka 1963, na chuo cha serikali cha Lubumbashi viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Kwa Kisangani na Lubumbashi, miji inayozungumza Kiswahili, hilo lilimaanisha kwamba vitivo vilihamishwa huku na huko na mwanafunzi akalazimika kufuata somo lake umbali wa mamia ya kilomita. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini Lovanium haikurudi kwa wenyewe. Wakatoliki na Waprotestanti wa mashariki ya Congo walipopata nafasi tena, walianza upya mahali pengine: vyuo vikuu vya Kikatoliki Bukavu na Butembo mwaka 1989, na chuo kikuu cha kiinjili Bukavu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vilianza katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa inasambaratika, na vikaendelea kufundisha wakati majeshi yakipita barabarani. Historia ya ujasiri huo inastahili makala yake peke yake.

Kenya ilifungua mlango kwa sheria. Mwaka 1985 Bunge lilipitisha Sheria ya Vyuo Vikuu iliyounda Tume ya Elimu ya Juu, na kwa mara ya kwanza kukawa na chombo chenye jukumu la kukagua chuo kisicho cha serikali na kushauri kama kinastahili hati. Wa kwanza kuipata walikuwa Waadventista wa Sabato: University of Eastern Africa, Baraton, katika nchi ya Wanandi, mwezi Machi 1991. Chuo hicho kilikuwa kimejengwa mahali palipokuwa kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilifuata Novemba 1992. Hicho kilianza mwaka 1984 kama taasisi ya teolojia ya maaskofu wa kanda, na Papa Yohane Paulo II alikifungua rasmi Agosti 1985 alipokuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi. Daystar ikafuata, kama nilivyosema, mwaka 1994.

Kuna jambo hapa ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Vyuo kama Daystar na Baraton vilileta utaratibu wa Kimarekani: miaka minne, mihula inayojitegemea, kila somo na krediti zake, mtihani mwisho wa kila muhula, na wastani wa alama unaohesabiwa tangu siku ya kwanza. Vyuo vya serikali vilikuwa vimerithi utaratibu wa Kiingereza: miaka mitatu baada ya kidato cha sita, na mtihani mzito mwisho wa mwaka. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulipoingia Kenya mwaka 1985 ukakifuta kidato cha tano na cha sita, shahada ya kwanza ikalazimika kuwa ya miaka minne kila mahali. Kundi la kwanza la mfumo huo lilifanya mtihani wa sekondari mwaka 1989. Vyuo hivi vya kanisa vilikuta nchi nzima imehamia kwenye mpangilio vilivyouzoea. Mwaka wa kwanza, ambao vyuo vya serikali viliuona kama kiraka cha kuziba pengo la kidato cha sita, kwao ulikuwa mahali pa kuweka masomo ya Biblia, uandishi, falsafa na historia, ambayo kila mwanachuo aliyasoma kabla ya kuzama katika fani yake.

Kulikuwa pia na suala la kalenda. Miaka hiyo vyuo vya serikali vilikuwa vikifungwa mara kwa mara kwa migomo na amri za wakubwa, na kijana aliyeingia hakujua atatoka lini. Chuo cha kanisa kilitangaza tarehe ya mahafali miaka minne kabla na kwa kawaida kikaitimiza. Wazazi wengi, hata wasio wa dhehebu husika, walilipa ada kubwa kwa ajili ya uhakika huo. Naamini kalenda iliyoheshimiwa ilivijazia vyuo hivi madarasa kuliko mahubiri yoyote.

Kalenda ina upande wake mzito zaidi, na mfano bora uko Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanachuo Waadventista wa Makerere waliishtaki Makerere kwa kupanga vipindi na mitihani siku ya Jumamosi, wakisema uhuru wao wa kuabudu unavunjwa. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2006. Chuo kilijitetea kwamba kinahudumia watu wa imani zote na hakiwezi kumpangia kila mmoja ratiba yake. Uamuzi huo unaeleza, kuliko hotuba yoyote ya kanisa, kwa nini Waadventista walihangaika kuwa na Baraton, na Bugema huko Uganda, na chuo chao cha Rwanda kilichoanzia Mudende katika miaka ya 1980, kikaharibiwa katika vita na mauaji ya kimbari, kisha kikafufuliwa Kigali. Katika vyuo hivyo jua la Ijumaa likizama masomo husimama, na mwanachuo hahitaji wakili. Lakini Mwislamu au Mkatoliki anayesoma huko naye anaishi chini ya ratiba ya imani isiyo yake, na kanuni njema ni ile inayomwambia hivyo kabla hajalipa ada.

Uganda ilichukua mkondo wake. Waliotangulia huko walikuwa Waislamu: chuo kikuu chao cha Mbale kilifunguliwa mwaka 1988, kabla ya chuo kikuu chochote cha Kikristo nchini humo. Wakatoliki walifungua Uganda Martyrs, Nkozi, kwenye barabara ya kwenda Masaka, mwaka 1993. Waanglikana walikigeuza chuo cha Askofu Tucker kuwa Uganda Christian University mwaka 1997, na mwaka 2004 kikawa cha kwanza kati ya vyuo vikuu binafsi vya nchi hiyo kupata hati idhini.

Mukono na Nkozi, kila kimoja kwa namna yake, viliamua kwamba hakuna atakayehitimu bila kupita katika masomo ya msingi. Mukono iliweka Agano la Kale na Jipya, mitazamo ya ulimwengu, maadili, stadi za uandishi na afya. Nkozi ilisisitiza maadili katika kila fani. Mwanafunzi wa sheria wa Mukono alisoma manabii pamoja na mikataba. Wapo walionung'unika kwamba somo la Biblia linashusha wastani wao wa alama, na manung'uniko hayo yana maana kubwa kuliko yanavyosikika. Somo likiwa na alama, limechukuliwa kwa uzito: lina mwalimu, lina vitabu, linafundishwa kama elimu, na linaweza kupingwa kwa hoja darasani. Somo lisilo na alama hugeuka hotuba. Mimi nasimama na waliolipa somo hilo alama, kwa sharti moja: kinachopimwa kiwe ufahamu wa maandiko na hoja, kamwe isiwe imani ya mtahiniwa.

Wakatoliki walikuwa na andiko la kuwaongoza katika jambo hili. Agosti 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa katiba ya kitume iitwayo Ex Corde Ecclesiae, inayohusu vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote. Inaagiza walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki, inataka maadili yaingizwe katika mafunzo ya kila taaluma, na inataka masomo ya mafundisho ya Kikatoliki yawepo kwa ajili ya wanachuo wote. Papo hapo inaagiza kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Vyuo vya kiinjili havikuwa na andiko moja la namna hiyo. Kila kimoja kilijitungia ungamo lake la imani na kanuni zake za mwenendo, na kwa hiyo tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa: kimoja huomba barua ya mchungaji, kingine huhesabu mahudhurio ya ibada, kingine humwachia mwanachuo aamue.

Tanzania ilichelewa, kisha ikafanya haraka. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 1995 yaliunda baraza la ithibati, na ndani ya miaka michache Walutheri wakawa na Tumaini, iliyozikusanya Makumira, Iringa na Chuo cha Tiba cha KCMC, Moshi, chini ya jina moja. Maaskofu Wakatoliki nao wakafungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, Mwanza, mwaka 1998. SAUT haikutokana na seminari. Ilikua kutoka kituo cha mafunzo ya kijamii cha Nyegezi, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous, mahali ambapo waandishi wa habari na wahasibu wa Kitanzania walipikwa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo kanuni zake tangu mwanzo zilimfikiria mtu wa kazi za dunia. Dodoma, Waanglikana walifungua St John's mwaka 2007 katika majengo ya Mazengo, shule ya wamisionari iliyotaifishwa na baadaye kurudishwa mikononi mwa kanisa.

Baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 iliyoleta Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, sifa za kujiunga, hesabu ya krediti na viwango vya kufaulu vilianza kufanana nchi nzima. Mwanachuo wa SAUT na wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapata msamiati mmoja: kupata sapu (mtihani wa marudio), kukeri somo (kulibeba hadi mwaka unaofuata), kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya serikali, iliyoanza mwaka huo huo, ikawafikia wote wawili, na bumu, yaani fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo huo, likawa likisubiriwa kwa hamu ile ile Nyegezi kama Dar es Salaam. Faida yake haipingiki, kwani mtoto wa mkulima aliweza kusoma chuo cha kanisa. Lakini fedha ya dola ilikuja na jicho la dola. Mwezi Januari 2020 TCU ilifuta usajili wa vyuo kadhaa, vikiwemo vya makanisa, na majina ya maaskofu mashuhuri yaliyokuwa kwenye mabango hayakuvisaidia. Makanisa mengine yalikuwa yamefungua matawi kwa pupa, kila dayosisi ikitaka chuo chake, bila walimu wala maktaba. Ukaguzi huo ulikuwa wa haki hata pale ulipouma.

Lugha ni jambo ambalo kanuni zimelimaliza kwa sentensi moja tu: kufundisha ni kwa Kiingereza. Katika vyuo vya Biblia vya Tanzania teolojia hufundishwa kwa Kiswahili, na wachungaji hutoka humo wakihubiri vizuri. Anayepanda hadi shahada hulazimika kuifikiri imani ile ile kwa lugha nyingine, halafu arudi usharikani kuitafsiri. Makanisa yaliyotoa Biblia, vitabu vya nyimbo na liturujia nzima kwa Kiswahili yangeweza kuongoza hapa. Yameiacha nafasi hiyo ikipita, na nasikitika.

Kenya ililifikisha suala la kanuni mahali papya. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo binafsi pia, vikiwemo vya kanisa. Mwanafunzi alijaza machaguo yake kwenye mtandao, pengine akiangalia kozi kuliko dhehebu, akajikuta kwenye ibada ya katikati ya wiki iliyomo katika kanuni za chuo. Mlipaji sasa alikuwa mwananchi wa dini zote. Makanisa yalizihitaji fedha hizo, serikali ilizihitaji nafasi, na mjadala wa wazi kuhusu uhuru wa dhamiri wa vijana hao ulikuwa mdogo mno. Halafu mwaka 2023 mfumo mpya wa ufadhili ukausimamisha mpango huo kwa wanaoingia, na vyuo vilivyokuwa vimepanua madarasa kwa kutegemea fedha hizo vikabaki vikiidai serikali malimbikizo.

Hivyo ada imerudi kuwa kanuni yenye nguvu kuliko zote. Katika vyuo vingi vya kanisa, kama ilivyo katika vyuo vingine, asiyekamilisha ada hapati kadi ya kumruhusu kuingia chumba cha mtihani. Zamani dayosisi ilimtuma mwanafunzi Mukono au Makumira na kumlipia. Leo dayosisi inamiliki chuo, na ofisi yake ya fedha ndiyo inayomrudisha nyumbani kijana wa usharika wake wiki ya mitihani. Siwalaumu wahasibu, kwani mishahara ya walimu lazima ilipwe na sadaka haitoshi. Ila chuo kinachomtaka kila mwanachuo afaulu somo la maadili ya Kikristo kinatakiwa kuwa na kifungu kilichoandikwa, chenye fungu la fedha nyuma yake, kuhusu anayeweza kusoma na hawezi kulipa. Vipo vyuo vyenye mifuko ya kuwasaidia wahitaji, mingi ikijazwa na wafadhili wa Ulaya na Marekani. Mifuko inayojazwa na wahitimu wenyewe na sharika zinazojisifu kwa majengo ya chuo chao, bado ni michache.